Funzo la Lokiriama kwa Wanafunzi wa Vyuo

Kila mwaka, ifikapo mwezi wa Septemba, watu wa pande mbili za mpaka wa Kenya na Uganda hukusanyika Lokiriama, katika eneo la Loima, kaunti ya Turkana, kuyakumbuka mapatano yaliyofikiwa mahali hapo mwaka 1973. Mwaka huo wazee wa Waturkana na wazee wa Wamatheniko, ambao ni tawi la Wakarimojong wa Moroto, walikutana baada ya muda mrefu wa kuvamiana na kunyang'anyana mifugo. Wakachimba shimo, wakazika silaha, wakala kiapo. Nusu karne na zaidi imepita tangu siku hiyo. Amani hiyo imetikiswa mara kadha wa kadha, hasa baada ya bunduki kuzagaa kufuatia kuanguka kwa serikali ya Idi Amin mwaka 1979, lakini haijafa. Yapo mapatano yaliyotiwa saini katika majumba ya fahari, mbele ya kamera na mabalozi, ambayo hayakumaliza hata msimu mmoja.

Nilihudhuria maadhimisho hayo mwaka mmoja, si kama mgeni wa heshima wa kuketi chini ya hema, bali kama mwanaisimu mwenye daftari na kinasa sauti. Kando yangu alisimama kijana mmoja, mzaliwa wa pande hizo hizo, aliyekuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kimojawapo nchini. Alikuwa amejitolea kunitafsiria. Mzee mmoja alipoinuka kuomba dua, umati ukiitikia kwa sauti moja kila alipokamilisha usemi, kijana wangu alianza kazi yake vizuri sana, kisha akanyamaza. "Mwalimu," akasema, "maneno haya mengine ni ya wazee. Siyajui." Nikamwuliza ni mambo gani yaliyosemwa siku ile ya mwaka 1973, na ni nani waliyasema. Alijua mwaka, alijua habari ya shimo. Zaidi ya hayo hakujua. Nikamwuliza tena, kwa nia ya kupitisha wakati tu, yumo katika chama gani cha wanafunzi huko chuoni kwake. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa iwapo anavuta bangi. "Mwalimu, mimi nilitumwa kusoma, sikutumwa kucheza. Baba aliuza mbuzi."

Msomaji mpenzi, jibu hilo limekuwa likinisumbua tangu siku hiyo, na ndilo lililonifanya niishike kalamu leo. Nimefundisha katika vyuo vikuu kwa miaka mingi, na nimelisikia kwa lafudhi za kila pembe ya nchi hii. Mwanafunzi huingia chuoni, huhudhuria mihadhara, hunakili anachoambiwa, hufanya mtihani, huondoka na karatasi. Ukimwuliza, baada ya miaka minne, ni jambo gani katika taaluma yake linalomnyima usingizi, hukosa la kusema. Amepita chuoni kama abiria apitavyo katika kituo cha basi: alingoja, akaitwa, akapanda, akaenda zake.

Kabla hatujamlaumu kijana huyu, hatuna budi kumtendea haki. Baba yake aliuza mbuzi, na mbuzi wa Turkana si mnyama wa kuuzwa kwa mchezo. Baina ya mwaka 2020 na 2023, mvua zilishindwa kunyesha katika pembe hii ya Afrika kwa misimu mitano mfululizo, na familia nyingi zilibaki na nyua tupu. Mtu aliyenusuru mbuzi wachache katika janga kama hilo, kisha akawatoa ili mwanawe asome, ana haki ya kutarajia kwamba mwana huyo hatayachezea malisho yake. Isitoshe, wanafunzi wengi wa maeneo kame husoma kwa mikopo na misaada inayochelewa. Asiye na hakika ya chakula cha jioni huona anasa kuketi mahali na kujadili fasihi au nyota. Fauka ya hayo, wengi wao hawasomei walichokitaka. Alama za mtihani wa kidato cha nne na hesabu za tarakilishi huwapeleka wasikokusudia: aliyetaka uuguzi hupewa ualimu, aliyetaka uhandisi hupewa biashara. Mtu aliyeozwa hivyo kwa somo asilolichagua hawezi kulipenda kwa amri.

Hata hivyo, nashikilia kwamba ni papo hapo, katika hali hiyo ya kuozwa kwa somo usilolichagua, ndipo vyama vya wanafunzi vinapokuwa na faida kubwa zaidi. Naomba nitoe ushahidi wa nafsi yangu, ingawa si mwingi wala si wa kujivunia.

Nilipojiunga na chuo kikuu, nilitaka kusomea sheria. Alama hazikutosha. Nikapelekwa kwenye ualimu, somo la Kiswahili na historia, nami nikakubali shingo upande. Katika muhula wangu wa kwanza rafiki mmoja aliniambia kwamba jioni ya kila Alhamisi kulikuwa na mkutano wa chama cha Kiswahili, na kwamba hutolewa chai na mandazi. Nilikwenda kwa ajili ya mandazi. Jioni hiyo mjadala ulihusu jambo ambalo lilionekana kwangu la kipuuzi kupindukia: kwa nini tunasema "kijana analia" lakini "kitoto kinalia", ilhali maneno yote mawili yanaanza kwa ki- na yote mawili yanamtaja binadamu? Mwanafunzi mmoja kutoka Lamu alisimama akatoa mifano ya kwao. Mwingine kutoka Kakamega akampinga kwa mifano ya Kiluhya. Kiziwi, kipofu, kifaru, kiboko, vyote viliitwa mashahidi. Mandazi yalikwisha, nami nikasahau kuyala. Nililala usiku ule nikiwaza kuhusu kiambishi cha herufi mbili. Asubuhi yake nilikwenda maktabani kwa hiari yangu, kwa mara ya kwanza tangu nifike chuoni. Miaka iliyofuata ilinipeleka hadi kwenye uzamifu wa isimu, lakini safari yenyewe ilianza katika chumba kile, na wala sikupewa alama yoyote kwa kuhudhuria.

Darasani nilikuwa nimefundishwa ngeli za nomino mara nyingi, tangu shule ya msingi. Katika chama niliziona kwa mara ya kwanza zikiwa swali. Darasa hutoa majibu, na ni lazima litoe majibu kwa sababu mtihani uko mbele. Chama, kwa kuwa hakina mtihani, kina nafasi ya kuuliza. Na mtu hawezi kuipenda taaluma kwa majibu yake. Huipenda kwa maswali yake.

Historia ya Afrika Mashariki inao mifano mikubwa kuliko wa kwangu wa mandazi. Huko Makerere, mwaka 1958, kulianzishwa katika idara ya Kiingereza jarida dogo la wanafunzi lililoitwa Penpoint. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeaga dunia mwaka 2025, aliingia Makerere mwaka 1959 akiwa kijana asiyejulikana. Yeye mwenyewe amesimulia jinsi alivyomwendea Jonathan Kariara, aliyehusika na jarida hilo, akamwambia kwamba ana hadithi, ilhali hakuwa ameandika hata sentensi moja. Ikambidi aende akaiandike ili asiumbuke. Hivyo ndivyo mmoja wa waandishi wakubwa wa bara hili alivyoanza: kwa uongo mdogo uliowezekana kwa sababu palikuwapo jarida la kudanganyia. Pasingalikuwapo jarida, asingalikuwapo wa kuambiwa.

Dar es Salaam nako, mwaka 1967, wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika waliunda chama kilichojulikana kwa ufupi kama USARF, mwenyekiti wake akiwa mwanafunzi aliyeitwa Yoweri Museveni. Walikutana siku za Jumapili kusoma na kujadiliana, wakishirikiana na wahadhiri kama Walter Rodney. Mwaka 1969 walianza kutoa jarida lao, Cheche, na katika toleo maalum la mwaka 1970 Issa Shivji, akiwa angali kijana sana, alichapisha uchambuzi wake wa matabaka katika Tanzania ambao wasomi wanaurejelea hadi leo. Mwezi wa Novemba mwaka huo chama na jarida vilipigwa marufuku, na mojawapo ya sababu zilizotajwa ni kwamba jina Cheche liliiga jarida la Lenin la kule Urusi. Kama mtu wa lugha, siachi kutabasamu kila ninapokumbuka neno letu safi la Kiswahili likishtakiwa kuwa ni mgeni.

Wapo watakaoniambia kwamba mfano huu unanigeuka, na wana haki. Kutoka katika kundi lile walitoka wasomi walioiaibisha dhuluma kwa kalamu, na walitoka pia watu walioshika madaraka na kuyang'ang'ania kwa miongo mingi. Nakubali. Chama cha wanafunzi hakimhakikishii mtu wema. Kinachofanya ni kumwamsha, na aliyeamka huchagua mwenyewe njia ya kwenda. Lakini wahitimu wanaolala hatujui watachagua nini, kwa maana hawajachagua lolote bado. Na mtu wa namna hiyo ndiye anayenunuliwa kwa bei rahisi msimu wa uchaguzi ufikapo.

Hapa ndipo panapozuka pingamizi la pili, lililo zito zaidi. Tutazame vyuo vyetu vya Kenya jinsi vilivyo. Vyama vilivyo na nguvu, vyenye fedha na fulana, aghalabu ni vyama vya watu waliotoka eneo moja au kabila moja. Hukutana mara mbili kwa muhula: mara ya kwanza kuwakaribisha wageni wa mwaka wa kwanza, mara ya pili kumpokea mwanasiasa wa nyumbani anayekuja na bahasha. Siasa za wanafunzi zilipozidi vurugu, Sheria ya Vyuo Vikuu ilifanyiwa marekebisho mwaka 2016 na uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi ukawekwa mikononi mwa wajumbe. Mzazi wa Lokiriama akiyasikia hayo redioni, je, si sahihi kumwonya mwanawe ajiepushe?

Ni sahihi kujiepusha na vyama vya namna hiyo, lakini si sahihi kudhani kwamba hakuna vyama vya namna nyingine. Mimi nina kipimo kimoja chepesi ambacho huwapa wanafunzi wangu. Ukialikwa kujiunga na chama, uliza: chama hiki kinataka kujua nini? Kikiwa na swali, la nyota, la mimea, la sheria, la mashairi, la hesabu, ingia. Kikiwa hakina swali bali kina mfadhili tu, ondoka polepole pasipo kugombana na mtu. Chama chenye swali hakiwezi kudumu kuwa cha kabila moja, kwa kuwa swali halina kabila, na mara nyingi anayelijua jibu anatoka mahali usipopatarajia.

Nirudi sasa Turkana, maana ndiko hoja yangu ilikozaliwa na ndiko inakohitajika zaidi.

Kwa miaka mingi mtoto wa Turkana aliyetaka elimu ya juu ilimbidi aende mbali, Eldoret, Nairobi au Kakamega, na huko alikuwa mgeni aliyeulizwa maswali ya kijinga kuhusu ngamia. Tangu mwaka 2017 Lodwar imekuwa na Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana, kilichoanzishwa chini ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro. Lodwar ni mji ambao wakoloni waliutumia kama jela ya wazi. Mzee Jomo Kenyatta aliwekwa huko mwaka 1959 baada ya kifungo chake cha Lokitaung, kwa sababu iliaminika kwamba mtu akipelekwa Turkana ametolewa duniani. Mji uliochaguliwa kwa ajili ya kumnyamazisha mtu sasa una wanafunzi. Ni mabadiliko makubwa. Lakini majengo na mihadhara peke yake havitatosha ikiwa wanafunzi watakuwa abiria kule kama walivyo abiria kwingineko.

Fikiria msomaji utajiri wa maswali uliowazunguka vijana hao. Kaskazini yao, kando ya ziwa, ndiko Nariokotome, ambako mwaka 1984 Kamoya Kimeu aligundua mabaki ya kijana wa kale anayejulikana ulimwenguni kote kama Kijana wa Turkana. Kimeu hakuwa na shahada. Alikuwa na macho, subira na hamu ya kujua. Huko Lomekwi kulipatikana zana za mawe za umri wa miaka milioni 3.3, zilizotangazwa mwaka 2015. Watafiti wa mataifa makubwa huvuka bahari kuja kuchunguza mawe hayo. Je, ni wanafunzi wangapi wa historia au jiolojia walio jirani na mawe hayo wana kikundi chao cha kwenda kuyatazama Jumamosi moja kwa mwezi? Kingo za mto Turkwel zimevamiwa na mathenge, mti ambao Waturkana huuita etirae, ulioletwa kuzuia jangwa na ukageuka kero. Je, wanafunzi wa kilimo na biolojia wana chama cha kuuchunguza, kujua mbuzi wanaathirika vipi na makaa yake yanafaa vipi?

Kuhusu lugha, naomba radhi nikikawia kidogo, kwani ndiyo shamba langu. Kiturkana ni lugha ya ajabu na ya kupendeza. Irabu za mwisho wa maneno yake mara nyingi hutamkwa bila mghuno, kama mnong'ono, hata mgeni huapa kwamba hazipo. Kitenzi chake hutangulia mtenda katika sentensi. Nomino zake zimegawika katika jinsia tatu kwa viambishi: e- ya kiume, a- ya kike na i- isiyo ya kiume wala ya kike, ndiyo maana mtoto ni ikoku. Hapo nakumbuka kile "kitoto" cha Alhamisi yangu ya mandazi! Anayezaliwa wakati wa mvua akiwa wa kiume ataitwa Ekiru, akiwa wa kike Akiru. Tazama pia majina ya mahali: Lokiriama, Lodwar, Lokichar, Lokitaung upande mmoja, Nariokotome na Nadapal upande wa pili. Lo- na Na- hizo si bahati nasibu, zimefungamana na jinsia hizo hizo za kisarufi. Mwanafunzi wa Lodwar anaishi ndani ya kitabu cha sarufi kilichofunguka, lakini hajaonyeshwa kwamba anaweza kukisoma. Sarufi kubwa ya lugha yake iliandikwa na Mholanzi, Gerrit Dimmendaal, na kuchapishwa mwaka 1983. Ni kazi njema, tunamshukuru. Lakini tutashukuru wageni hadi lini?

Wala si suala la fahari tu. Liko neno katika Kiturkana, emoit, na wingi wake ngimoe. Maana yake ni adui, na pia ni mgeni asiye wetu. Lugha imeziweka maana hizo mbili katika nyumba moja. Sasa jiulize: wazee walipokutana Lokiriama mwaka 1973, kila upande ukiielewa lugha ya mwenziwe kwa kuwa Kiturkana na Kikarimojong ni ndugu wa karibu, walitumia neno gani kumwita yule aliyekuwa ngambo? Baada ya silaha kuzikwa, Mmatheniko aliacha kuwa emoit? Aliitwa nani? Amani iliyodumu namna ile ilisemwa kwa maneno fulani, kwa mpangilio fulani, kwa viapo fulani. Maneno hayo ni mali ya taifa. Waliokuwa vijana wa miaka ishirini siku ile sasa ni wazee wa zaidi ya miaka sabini, na waliokuwa wazee siku ile wengi wao wamekwisha kutuacha. Kila mmoja anapozikwa, yanazikwa naye mengine kuliko silaha zile, na haya hayakukusudiwa kuzikwa.

Nani atayakusanya? Serikali itasema haina bajeti. Mimi na wenzangu wa vyuo vya mbali tutakuja siku mbili, tutalala hotelini Lodwar, tutaandika makala ambayo hakuna mtu wa Lokiriama atakayeisoma. Wanaoweza kuifanya kazi hii ni wanafunzi ishirini wenye simu zenye vinasa sauti, wanaoijua lugha, wanaorudi nyumbani kila likizo. Wanachokosa ni mahali pa kukutana Alhamisi jioni wakalinganishe walichosikia. Mahali hapo panaitwa chama.

Kakuma nako hali ni ya kipekee zaidi. Kambi ile iliyoanza mwaka 1992 kwa kuwapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan, sasa pamoja na makazi ya Kalobeyei ina watu wanaokaribia laki tatu kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko. Elimu ya juu ilifika huko kwa njia za mzunguko. Mathalan, mpango wa Wajesuiti ulianza kutoa masomo ya diploma kambini mwaka 2010. Lakini kabla ya hapo, mwaka 2008, wakimbizi wa mataifa tofauti walikuwa wamekwisha kujiunga pamoja na kuanzisha gazeti lao wenyewe, Kanere, lililoandika habari za kambi bila kumwomba mtu ruhusa ya kufikiri. Hao hawakuwa na karo ya kuharibu wala ajira ya kutarajia, kwani sheria iliwabana wasitoke wala wasifanye kazi kwa urahisi. Hata hivyo waliketi pamoja, wakajadili, wakaandika. Mtu akinieleza kwamba umaskini unamzuia kujiunga na chama, humkumbusha Kakuma kwa upole.

Niliwahi kuketi huko na wanafunzi kadhaa, nikasikia kijana wa Kongo na msichana wa Sudan Kusini wakibishana kuhusu Kiswahili. Kila mmoja alidai kwamba mwenzake anakiharibu. Nikawaambia: andikeni orodha, neno la huku na neno la kule, na tarehe mliyolisikia. Wakacheka. Nina hakika kwamba orodha hiyo, ingeandikwa kwa miaka mitano, ingekuwa na thamani kuliko tasnifu nyingi nilizosahihisha.

Najua swali ambalo mzazi ataniuliza: je, hayo yatampa mwanangu kazi? Sitamdanganya. Wapo wahitimu wengi wasio na kazi, waliokuwa katika vyama na wasiokuwa. Lakini mahakama na hospitali za kaunti zinahitaji wakalimani. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, unataka watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha zao, na vitabu ni haba. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inaiagiza dola ikuze lugha za kiasili. Kazi hizo zote zinamngoja mtu anayeijua lugha kwa ndani, na cheti peke yake hakimpi mtu ujuzi huo. Anayeajiri huuliza, baada ya kutazama karatasi: umewahi kufanya nini? Mwanachama ana jibu.

Basi nini kifanywe? Sipendekezi mambo ya gharama. Wakuu wa vyuo watenge saa mbili kwa wiki ambazo hazitapangiwa mihadhara, na chumba chenye taa. Wahadhiri wenzangu nao wahudhurie mikutano hiyo, wakae nyuma, wafunge midomo. Wengi wetu tuna ugonjwa wa kugeuza kila kikao kuwa mhadhara. Kaunti ya Turkana, ambayo huandaa tamasha la Tobong'u Lore na kuwaalika jamaa wa Kiateker kutoka nchi jirani, iwape wanafunzi nafasi pale, si ya kucheza ngoma peke yake, bali ya kuwahoji wazee na kunakili. Maana jina lenyewe la tamasha linamwita mtu arudi nyumbani, na msomi hurudi nyumbani kwa kuuliza maswali ya nyumbani.

Wazazi nao wasikilize jambo moja. Mchungaji hamfundishi mwanawe malisho kwa kumketisha na kumwamuru akariri. Humwacha aende na wenzake, wabishane ni wapi kuna majani, wakosee, warudi jioni na kiu na maarifa. Chuo nacho ni malisho. Mwanao akikwambia kwamba Alhamisi jioni huenda kwenye chama cha lugha au cha sayansi, usidhani anachezea mbuzi zako. Huenda ndipo mahali pekee anapowalisha.

Kwa vijana wenyewe nina neno fupi. Usingoje ulipende somo ndipo ujiunge na chama chake. Jiunge, upendo utakukuta huko. Na kama chama unachokitaka hakipo, mko wawili? Kimekwisha kuwapo.

Yule kijana wa Lokiriama nilimpa daftari langu la akiba kabla ya kuagana. Alilipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, nami nikahofu kwamba angelihifadhi tu kama zawadi ya mwalimu. Nilipogeuka kutoka garini nilimwona amechuchumaa kando ya mzee aliyeomba dua, daftari likiwa gotini. Sijui ni maneno mangapi aliyaandika. Najua ni mengi mno kwa mtu mmoja, na kwamba anahitaji wenzake. Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari.